Mawe Yale Yale



Kuna hoja inayozunguka katika vikundi vyenu kutoka Butembo hadi Beni, na kwa kuwa inasemwa kwa sauti ya kutetea haki, wengi wanaona haya kuijibu. Yasema hivi: kijana Mkristo anayeinama kutengeneza njia iliyobomoka anaibembeleza serikali iendelee kulala. Kodi tunatoa, njia hatuzioni. Tukizitengeneza kwa mikono yetu wenyewe, waliokula fedha watatushukuru na kula tena. Kwa hiyo, inahitimishwa, msimamo wa mtu mwenye akili ni kufunga mikono mpaka mwenye wajibu atimize wajibu wake.

Hatuidharau hoja hiyo. Nusu yake ni kweli tupu, nasi tutairudia hapa chini kwa maneno makali kuliko yale mnayoyatumia ninyi. Lakini nusu ya pili ni uvivu uliovaa joho la unabii, na ukurasa huu haukuanzishwa ili kuupigia makofi.

Tuanze na njia yenyewe, maana mjadala huu umejaa maneno makubwa, na mtu aweza kusahau kwamba tunazungumzia mawe.

Butembo imekaa juu ya vilima, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mvua hutujia majira mawili kwa mwaka, na ikija haiji kwa utani. Nyumba zimepanda miteremko bila kungoja barabara, na kati ya nyumba na nyumba zimebaki njia za miguu ambazo gari haliwezi kuzipita. Kwa njia hizo mtoto huenda shule, mama hupandisha bidoni ya maji kutoka chemchemi, muuzaji hushusha makaa na ndizi kwenda sokoni, mgonjwa hubebwa kwa tipoyi hadi mahali ambapo pikipiki inaweza kumpokea. Upande wa juu njia imechimbwa katika kilima. Upande wa chini imeshikwa na magunia ya udongo, au mianzi, au, pale ambapo wakazi walikuwa na subira zaidi, na ukuta mfupi wa mawe yaliyopangwa bila saruji, jiwe limekaa juu ya jiwe kwa uzito wake tu.

Ukuta wa namna hiyo haufi kwa siku moja. Maji ya mapaa ya mabati ya nyumba kumi zisizo na mfereji huungana juu ya njia. Jiwe moja la chini hulegea na kutoka. Wakati huo watoto wawili wangeweza kulirudisha kwa muda usiozidi rozari moja. Mvua mbili baadaye kipande chote kimelala bondeni, na hapo inahitajika Jumamosi nzima ya kikundi kizima. Mwaka ukipita, njia imekuwa mfereji, mfereji umekuwa korongo, na korongo limeanza kuila nyumba ya mtu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo imesemwa katika hotuba nyingi za wakubwa kiasi kwamba ufa wenyewe sasa waijua kwa moyo.

Sasa mwenye kufunga mikono atuambie anamwadhibu nani. Mkubwa aliyekula fedha hapiti hapo. Hajawahi kupita hapo. Anayeteleza ni bibi mwenye bidoni ya lita 20 mgongoni, na anayechelewa kufika kwenye zahanati ni mama mjamzito wa usiku wa manane. Mgomo unaomwacha mkosaji katika gari lake na kumwangusha mjane matopeni umekosea anwani. Mnauita msimamo. Bibi yule, mkimwuliza, ana jina jingine la kuupa.

Tunajibiwa: lakini mkianza, serikali itazoea. Hapa tunakiri kwamba wenzetu wanashika silaha yenye makali, na sisi tuliosomea ualimu tunaijua kuliko wengine. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi wa nchi hii walibeba shule mgongoni mwao. Waliwalipa walimu, wakanunua chaki, wakaezeka madarasa. Serikali ikazoea kweli. Ilizoea kwa zaidi ya robo karne, mpaka Septemba 2019 ilipotangazwa kwamba elimu ya msingi ni bure, na hata baada ya tangazo mnajua wenyewe yaliyofuata katika mishahara ya walimu wapya. Basi wazazi walikosea? Waulizeni waliojifunza kusoma katika miaka hiyo, yaani karibu kila mtu anayesoma ukurasa huu. Kama baba zenu wangefunga mikono mpaka Kinshasa ikumbuke, leo msingekuwa na herufi za kuandikia hoja yenu.

Kosa la miaka ile halikuwa kubeba. Lilikuwa kubeba bila kuandika. Hakuna aliyekwenda kila mwisho wa mwaka na hesabu mkononi kusema: sisi tumetoa hiki mahali penu, semeni ninyi mmetoa nini. Mzigo ulibebwa kimya, na mzigo unaobebwa kimya hugeuka kuwa wa mbebaji.

Ndiyo maana tunawarudisha kwenye kitabu cha Nehemia, ambacho katika vikundi vya vijana husomwa mpaka sura ya tatu kisha kufungwa. Sura ya tatu inapendwa: ni orodha ya watu waliogawana kuta za Yerusalemu zilizobomoka, kila jamaa kipande chake, wengi wao mbele ya nyumba zao wenyewe. Wamo makuhani, na Kuhani Mkuu Eliashibu ndiye wa kwanza kutajwa. Wamo wafua dhahabu na watengeneza marashi, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Yumo Shalumu pamoja na binti zake, na tungependa wale wanaodai kwamba mawe ni kazi ya wavulana wautafute huo mstari, ni wa kumi na mbili. Wametajwa pia wakuu wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi ile. Biblia imewaandika hivyo, na hivyo ndivyo wanavyosomwa hadi leo.

Lakini fungueni sura ya tano. Ukuta haujaisha, mawe bado yako chini, na Nehemia anaisimamisha hoja ya siku ile mbele ya kusanyiko kubwa: anawakabili wakubwa wa watu wake mwenyewe waliokuwa wakiwakopesha maskini kwa riba, wakichukua mashamba yao na kuwatia watoto wao utumwani. Anadai warudishe, siku hiyo hiyo. Hakusema, tumalize kwanza ukuta kisha tuzungumze habari za haki. Wala hakusema, kwa kuwa wakubwa ni wezi, tuuache ukuta. Mkono uliokuwa unapanga mawe ndio uliowanyooshea kidole, na kwa sababu ulikuwa na vumbi la mawe hawakuwa na neno la kumjibu. Katika sura hiyo hiyo anaeleza kwamba kwa miaka kumi na miwili hakula posho ya ugavana iliyokuwa haki yake, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito. Kuhusu posho tutarudi.

Basi nusu ya kweli ya hoja yenu, tuiseme kwa sauti. Nchi yetu ina Mfuko wa Taifa wa Kutunza Barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, nao hupata fedha kutoka kila lita ya mafuta ya gari na kutoka vizuizi vya malipo njiani. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inazipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo. Kati ya Butembo na Beni kuna kilomita 54 hivi, na kila aliyezisafiri siku ya mvua anaweza kupima kwa mifupa yake kiasi gani cha fedha hizo kimefika. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya kuzingirwa. Gavana ni mwanajeshi, na bunge la mkoa lilisimamishwa kazi. Mtu wa kumpelekea swali amepungua. Swali halijapungua. Tunawaomba mlibebe, na tunasema kwamba hakuna anayestahili kulibeba kuliko yule ambaye Jumamosi iliyopita alikuwa na jiwe mikononi.

Wako wanaodhani kwamba kujitolea njiani ni alama ya nchi iliyoshindwa, kwamba kwenye nchi zenye serikali mambo hayo hayapo. Hawajatazama vizuri. Huko Uingereza, nchi ambayo walimu wake hulipwa kila mwezi pasipo maandamano, watu hutoka mijini siku za mapumziko kwenda kurudishia mawe ya kuta zilizoanguka kando ya njia za miguu mashambani. Wamo wanafunzi, wamo wastaafu. Wana chama cha ufundi huo tangu mwaka 1968, chenye mafunzo na mitihani yake. Hakuna anayewaambia kwamba wanaibembeleza serikali yao. Wala ufundi wenyewe si wa Wazungu. Karibu na Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, katika Migori, ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila saruji yapata karne ya 16, nyingine zikipita kimo cha mtu mara mbili; mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia. Wakonso wa Ethiopia wamelima juu ya matuta ya mawe kwa mamia ya miaka, baba akimwachia mwana zamu ya kuyatunza.

Hapa turuhusuni tuseme neno ambalo halitawafurahisha wote. Siku za mgomo wa mji mzima, maduka yanapofungwa, tumeyaona mawe yakitoka kando ya njia kwa wepesi wa ajabu. Mawe makubwa, mengine yanayohitaji watu wawili, yanabebwa mbio hadi katikati ya barabara na kupangwa mstari mnyoofu. Hakuna aliyeuliza kama ni kazi ya serikali. Hakuna aliyeuliza posho wala chakula cha mchana. Hasira iliyosababisha mgomo mara nyingi ilikuwa ya haki kabisa. Watu wanachinjwa kandokando ya Beni tangu Oktoba 2014, na anayeshangaa kwamba vijana wana hasira hana moyo. Ila tumejionea kwamba nguvu ipo, mawe yapo, utaratibu upo, na muda upo. Kesho yake mawe yale yale yanasukumwa pembeni, mengine katika mtaro wa maji, na mvua inayofuata inapata kazi rahisi. Msituambie tena kwamba hamwezi.

Turudi kwenye posho. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Uliondoka na watu 2,287. Hatutawalaumu waliofanya kazi ile ya hatari wakalipwa. Wengine walilipwa wakafa. Lakini pamoja na ugonjwa uliingia mfumo wa kulipia kila kitu, kuhudhuria mkutano, kusikiliza mafundisho, kuongozana na wageni hadi mlangoni pa jirani yako mwenyewe. Ugonjwa umetoka, mfumo umebaki. Leo mwalimu wa dini akiwaita vijana kutengeneza njia ya kwenda chemchemi, swali la kwanza, hata kabla ya kuuliza ni lini, ni kuna nini. Tumelisikia kwenye vikundi vinavyobeba majina ya wafiadini.

Msitushike vibaya. Mtenda kazi anastahili ujira wake, na mradi ukija wenye fedha za kuajiri vijana kujenga mitaro, nendeni mkaajiriwe, dai mkataba, dai mshahara kwa wakati, na asiwepo mtu wa Kanisa atakayewaambia mfanye bure kazi ambayo imelipiwa. Hiyo ni ajira, na ajira isiyolipwa ni wizi. Tunachokizungumzia sisi ni njia ya nyumbani kwenu, ambayo hakuna mradi utakaoikuta kwenye ramani. Kumdai malipo mtu mwenye bidoni ili umwinulie jiwe si kutetea haki za wafanyakazi.

Na kwa kuwa tunazungumzia ujira, liko jambo moja ambalo vikundi vyetu vinalifanya vibaya na hakuna anayelisema. Mawe ya kazi hizi hutoka wapi? Mara nyingi kwa kina mama wagongao kokoto, wanaokaa juani na nyundo siku nzima, na watoto wao kando, wakingoja mnunuzi wa rundo moja. Vijana wa parokia hufika wakiimba na kuomba mawe kwa jina la Kanisa, na mama hawezi kukataa kwa sababu padre atasikia. Huo ndio ukarimu wenu: mtu asiye na kitu ametoa mtaji wake, nanyi mmetoa asubuhi moja. Mawe yanunuliwe. Kikundi kisichoweza kuyanunua kiende kuyaokota bondeni na kuyapandisha kwa mgongo, au kichange faranga kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Mama yule asichangishwe.

Upande wa pili wa posho kuna fimbo, nayo pia tunaikataa. Babu zetu walilazimishwa na Wabelgiji kazi za siku 60 kwa mwaka, zikaongezwa hadi 120 wakati wa Vita Kuu ya Pili, na sehemu ya kazi hizo ilikuwa barabara hizi hizi. Mobutu akaleta Salongo, yenye nyimbo na ngoma, na chini ya ngoma mjumbe wa chama. Leo neno hilo hilo linatumika pale ambapo watu wenye bunduki huwatoa wakulima vitandani kwenda kubeba mizigo na kuchimba mahandaki. Hata mijini kwetu tumeona asubuhi ambazo kazi ya usafi ilikuwa kisingizio. Jembe moja lilikuwa linalima, na watu watano walikuwa njiani wakitoza faini. Kwa historia hiyo, kijana anayelisikia neno Salongo na kukunja uso hatumshangai. Simoni wa Kirene alikamatwa njiani akabebeshwa msalaba; Bwana alipofundisha kwamba anayekulazimisha maili moja uende naye ya pili, alijua fika lazima ni nini. Ya kwanza ilikuwa ya mlazimishaji. Ya pili ilikuwa yako, na hakuna askari aliyeweza kukuagiza kuitembea.

Kwa hiyo kazi ya vijana wa parokia isikubali kuchanganywa na hesabu za faini. Mkuu wa mtaa akitaka orodha ya wasiokuja, jibuni kwa heshima kwamba hamna orodha hiyo. Asiyekuja ana sababu yake, au hana. Hayo atayajibu kwingine. Na tafadhali, mkuu huyo huyo akija na mpiga picha dakika kumi kabla ya kazi kwisha, mpeni jiwe abebe.

Tumeandika habari za Butembo kana kwamba Beni ni vivyo hivyo, na sivyo. Katika Beni na vijiji vyake njia ya shambani imekuwa mahali pa kufia. Mbau, Oicha, Eringeti: majina haya yanatamkwa katika nia za Misa zetu mara nyingi kuliko majina ya watakatifu. Kuna watu wazima, wengine wanaovaa skafu za vyama vya kitume, wanaopenda kuwahubiria vijana ushujaa wa kufungua upya njia zilizoota majani. Tunawapinga waziwazi. Anayewatuma vijana mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kulala usiku mmoja hawafundishi imani. Nehemia alipotishiwa, nusu ya watu wake walifanya kazi na nusu walishika mikuki. Vijana wa parokia hawana mikuki, wala hawapaswi kuwa nayo. Njia za kutengenezwa Beni ni zile zilizo ndani ya mji na ndani ya mchana: kati ya mtaa na shule, kati ya bomba na mahali walipopanga waliokimbia vita. Hao wakimbizi wa ndani, mara nyingi ni wakulima wanaoijua ardhi na mawe kuliko sisi wa mjini. Wamekaa miezi bila shamba, mikono yao inawauma kwa kukosa kazi. Mwalikeni mzee mmoja miongoni mwao awe fundi wenu, mkae chini yake kama wanafunzi. Hatujaona sadaka inayomrudishia mtu heshima upesi kama kuulizwa anachokijua.

Na kuna la kujua, maana ukuta wa mawe bila saruji haupangwi kama tofali. Tumeona kuta za vijana zilizojengwa kwa nyimbo nyingi zikianguka kabla ya Pasaka. Chimbeni kwanza mpaka mpite udongo mweusi na kufika kwenye udongo mgumu. Jiwe lililokaa juu ya majani limekaa juu ya hewa. Makubwa kabisa yaende chini, ingawa kila kijana anapenda kuyapandisha juu ili yaonekane. Kila jiwe lilale juu ya maungio ya mawili yaliyo chini yake, wala lisisimame juu ya jiwe moja peke yake, maana ufa ulionyooka kutoka juu hadi chini ni mlango wa maji. Urefu wa jiwe uingie ndani, kuelekea kilimani. Anayelilaza kwa ubavu ili kufunika nafasi kubwa anadanganya macho, na ukuta utamtoa uongo. Kila baada ya hatua chache liwekwe jiwe refu linalopenya hadi nyuma na kuushika udongo. Ukuta wote uegemee kilima kidogo. Nyuma yake jazeni vijiwe vidogo kwa mkono, msimwage udongo kwa koleo: udongo ukilowa hunenepa na kusukuma, vijiwe huacha maji yapite. Hiyo ndiyo siri ya ukuta usio na saruji, kwamba hauyazuii maji. Ule wa saruji usioachiwa matundu huyakusanya nyuma yake hadi siku unapolala wote kwa mara moja. Kisha, na hapa ndipo wengi huchoka na kwenda nyumbani, mfereji wa upande wa juu, na matete au majani mengine yenye mizizi mingi kwenye ukingo. Bila mfereji mmefanya mapambo.

Hayati Mhashamu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa jimbo hili la Butembo-Beni kutoka 1966 hadi 1997, anakumbukwa na wazee wetu akiwahimiza waamini kujitengenezea barabara, shule na zahanati. Chuo Kikuu cha Graben kilizaliwa katika uaskofu wake, mwaka 1989. Kwa hoja ya wafunga mikono, basi, yeye ndiye mbembelezaji mkuu wa serikali. Lakini ni huyo huyo ambaye, akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu, aliandika barua ya Noeli ya 1999 iliyowakasirisha wenye bunduki kiasi kwamba Februari 2000 walimzuia asirudi jimboni kwake na kumfukuzia huku kwetu Butembo kwa miezi saba. Aliruhusiwa kurudi Septemba, na mwezi uliofuata akafariki Roma. Mtu aliyejenga kwa miaka thelathini ndiye aliyeogopwa aliposema. Tuonyesheni mfunga mikono mmoja aliyewahi kuogopwa na mtawala yeyote.

Na mkitaka kijana wa rika lenu, anaye Goma: Floribert Bwana Chui, mlei, mtumishi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, aliyekataa rushwa ili vyakula vilivyooza visiwafikie watu, akauawa Julai 2007, na kutangazwa Mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Ofisi yake ilikuwa ndani ya serikali ile ile mnayoisema imeoza. Angeweza kusema kwamba uozo si kazi yake.

Sasa tuseme linalotakiwa. Kikundi kinachotengeneza njia kinunue daftari la kurasa mia. Kila siku ya kazi iandikwe: tarehe, njia ipi, urefu uliotengenezwa kwa mita, idadi ya watu, saa walizofanya, mawe yaliyonunuliwa na bei yake. Majina ya waliokosa yasiandikwe. Mwisho wa kila majira ya mvua mwenye hesabu nzuri apige jumla, akitumia ujira wa kibarua wa siku hapo mtaani, ili ijulikane kazi ile ingegharimu faranga ngapi. Kisha iandikwe barua ya ukurasa mmoja, yenye adabu, isiyo na matusi wala sifa, kwa mkuu wa komini, na nakala kwa meya na kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia: sisi vijana tumetoa kiasi hiki kwa njia hizi; tunaomba kujua ni kiasi gani cha kodi ya soko, ya vibanda na ya pikipiki kimekusanywa katika kipindi hicho, na kimetengeneza njia ipi. Barua isainiwe na watu wazima pia, walezi na makatekista, ili asipatikane kijana mmoja wa kuitwa peke yake usiku. Muhuri wa kupokelewa upigwe kwenye nakala yenu. Bila muhuri barua haikufika. Isipojibiwa katika siku thelathini, iandikwe ya pili, ikiambatana na ya kwanza, na isomwe baada ya matangazo ya Misa kama paroko ataridhia.

Mvua za kwanza huanza kurudi Machi. Kikundi ambacho hakina fundi wa mawe kianze kumtafuta sasa, na daftari linunuliwe kabla ya makoleo.